Insert moja, wasomaji wawili: Windows ndani ya Linux kwa tusioona

ULIZA FUNDI

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Mimi sioni tangu utotoni, laptopu yangu ina Linux badala ya Windows, na Orca, programu inayonisomea skrini kwa sauti, mwaka wa nne huu na nimeizoea kama vichochoro vya mtaani kwetu. Juzi nimepata kazi ya kuandika hesabu za nyumba ya wageni hapo Shela, sasa programu yao ya hesabu ni ya Windows tu. Kakangu kaniwekea VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya hii, na Windows 11 ndani yake, akiwepo yeye mambo yaenda, akishatoka mimi naachwa na ukimya, na hata tulipoweka NVDA, msomaji wa skrini wa Windows, nikigonga kitufe cha Insert cha kumpa amri ni Orca inayoitika. Watu waniambia futa Linux uweke Windows uishe. Nifute? Ram, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8.
Binti wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usifute kitu. Mimi pia sioni na ndivyo nafanya kazi hapa Malindi kila siku, Linux nje Windows ndani, na fundi mmoja wa mjini aliwahi kunicheka eti kipofu kompyuta moja tu inamshinda ataka mbili, haya, hesabu zake za duka leo nani anamwandikia.

Jambo la kwanza ujue Orca haiwezi kukusomea yaliyo ndani ya Windows. Lile dirisha la VirtualBox kwake ni picha tupu, ni kama mtu kasimama barazani mlango umefungwa, ajua nyumba ina watu lakini wasemacho hakisikii. Kwa hiyo ule ukimya si kosa lako wala laptopu haijaharibika, ni kwamba ndani lazima kuwe na msomaji wake mwenyewe. Na NVDA yatosha kabisa, ni ya bure, ilianzishwa 2006 huko Australia na Michael Curran ambaye mwenyewe haoni.

Sasa huo ugomvi wa Insert. NVDA yatumia Insert, Orca nayo Insert ile ile, na Orca ndiyo iko nje kwa hiyo inaidaka mlangoni kabla haijafika ndani. Dawa ni kuwatenganisha: ukiwa Linux gonga Insert na spesi, setingi za Orca zitafunguka, tafuta mpangilio wa kibodi uchague ule wa laptopu. Kuanzia hapo Orca itatumia Caps Lock na Insert umemwachia NVDA peke yake. Mimi hili lilinichukua karibu wiki mbili kulijua, nilikuwa nazima Orca kila mara halafu nikitoka Windows sisikii chochote, nabaki kupapasa vitufe kama mtu aliyeangusha sindano gizani.

Kuingia na kutoka ni Ctrl ya kulia, hiyo ndiyo inashika kibodi na kuiachia. Hujui uko wapi? Gonga kile kitufe cha Windows. Ukisikia Orca inasoma mambo ya Linux bado uko nje, NVDA ikitaja Start, ile menyu ya Windows, umeshaingia. Na tafadhali wape sauti tofauti, Orca yangu inatumia sauti ya eSpeak, NVDA nimeipa sauti ya kike iliyokuja na Windows, kwa hiyo nikisikia mama anaongea najua niko kwenye hesabu. Kama wageni wengi ni wa kwetu unaweza kuiwekea NVDA eSpeak ya Kiswahili maana ile ya Kiingereza ikifika kwenye jina kama Mwanakhamisi utadhani inatafuna mfupa. Sasa ukifanya hivyo mwenye kubadilishwa sauti ni Orca, wasije wote wawili wakawa eSpeak.

Siku utakayotaka kuweka Windows upya bila kakako, hakikisha kwanza sauti imewashwa kwenye setingi za ile mashine ya VirtualBox na aina yake ni Intel HD Audio, halafu ukurasa wa kwanza wa Windows ukishafunguka gonga Ctrl, Windows na Enter pamoja, Narrator, msomaji wa Windows yenyewe, itaanza kukusomea. Itumie hiyo mpaka udaunlodi NVDA kisha uizime kwa vitufe vile vile. Mahali pekee utahitaji mwenye macho ni kwenye BIOS, zile setingi za laptopu kabla Linux haijawaka, kama kule kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya ndani, kumezimwa, mle hakuna Orca wala Narrator, mshike mtoto yeyote wa jirani anayejua kusoma Kiingereza.

Ram 8 mpe Windows 4. Na kabla hujagusa hesabu za watu piga picha ya mashine nzima, yaani hifadhi hali yake ilivyo uweze kuirudia, mimi napenda kuandika amri kwenye terminali kuliko kuhangaika na menyu, kama mashine yako inaitwa Hesabu unaandika VBoxManage snapshot Hesabu take kabla, hilo kabla ni jina tu la picha, basi. Stima ikikatika na betri inaelekea kuisha, VBoxManage controlvm Hesabu savestate itailaza pale pale ulipofika.

SWALI: Mzee Fundi, mimi NVDA inasema vizuri ndani ya VirtualBox lakini inachelewa, nagonga herufi naisikia nikiwa nishagonga ya tatu. Laptopu ina ram 4, nimeipa Windows 2.
Kijana wa Shella, Malindi

JIBU: Mwanangu, kuchelewa kidogo kupo kwa kila mtu kwa sababu sauti inapita kompyuta mbili kabla ya kufika sikioni, na husaidia kuweka Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya Windows, na kufunga brauza ya upande wa Linux. Lakini hiyo yako si kidogo na sitakudanganya, Windows 11 peke yake inataka 4, sasa Linux itakula nini? Ongeza ram kwanza kisha uniandikie tena.