Pete Inaona Chumba Chako

Wiki hii maswali yamekuja ya namna moja: vitu vidogo vinavyong'aa, na picha zake zinazokataa kupendeza. Nimechagua matano.

Dada, nauza pete za fedha WhatsApp. Kila nikipiga picha, ndani ya pete naonekana mimi na simu yangu. Nifanyeje? (Tanga)

Pole, yamenikuta. Niliwahi kutuma picha ya bangili, mteja akauliza, "Huyo mtoto naye anauzwa?" Mwanangu alikuwa kasimama nyuma yangu na singlendi yake, na bangili ikamchukua mzima mzima.

Fedha iliyosuguliwa ni kioo. Kioo hukizuii kuakisi, unakichagulia tu cha kuakisi. Kwa hiyo kabla hujashika simu, inama uiangalie pete: inaona nini? Dirisha, dari, pazia la maua, pua yako. Viondoe, au uvifunike kwa weupe. Sogeza meza kando ya dirisha, tandika karatasi ngumu ya manila, nyeupe, ipande nyuma ya pete bila kukunjwa, halafu simamisha nyingine upande usio na dirisha irudishe mwanga. Manila ya tatu itoboe tundu la ukubwa wa lenzi, upigie picha kupitia hapo. Simu isiisogelee pete. Rudi nyuma kidogo na uikuze picha (zoom) mara mbili, kwa sababu ukikaribia sana lenzi pana huivimbisha pete, na simu yenyewe hujaa kwenye taswira.

Ukishafanya hayo utakasirika, maana pete itakuwa nyeupe tupu kama ya plastiki. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kata ukanda wa karatasi nyeusi, upana wa kidole, usimamishe kando ya pete nje ya fremu. Utaona mstari mweusi umejichora ukingoni, na pete imepata umbo. Usogeze huku na huku mpaka mstari ukae unapoutaka. Mimi hukata kanda mbili, moja kila upande.

Huku Dodoma jua tunalo la kumwaga. Si afadhali nipigie nje?

Hapana. Jua angani ni chanzo kidogo mno, na kwenye kitu kinachong'aa linakuwa nukta moja inayounguza, pembeni giza. Unataka chanzo kipana. Siku ya mawingu mbingu nzima inakuwa taa yako. Siku ya jua kali, tumia dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja: asubuhi la magharibi, alasiri la mashariki. Kama nyumba yako haina uchaguzi huo, tundika chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili dirishani. Nasema cheupe. Cha bluu kitaifanya fedha yako iwe bluu, na ukuta wa jirani uliopakwa kijani ukiwa karibu na dirisha hufanya vilevile.

Manila ni nyeupe, pichani inatoka ya kijivu. Nikiwasha taa, inakuwa ya njano.

Zima taa. Mwanga wa balbu na wa dirisha una rangi mbili, na simu haiwezi kuridhisha zote. Ule ukijivu ni kosa la simu: ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Gusa pete kwenye skrini, shikilia mpaka ijifunge hapo, kisha pandisha kidogo kile kialama cha jua.

Jiwe langu la tanzanite mchana ni bluu, usiku kwenye balbu linaelekea zambarau. Mteja akisema nimemdanganya?

Hujamdanganya, ndivyo lilivyo. Jiwe hili la Mererani hubadilika rangi kwa upande unaolitazama na kwa aina ya mwanga unaoliangukia. Piga picha mbili, uandike ipi ya dirishani na ipi ya taani. Ukiona katikati ya jiwe pana kiza, hicho ni kivuli cha kichwa chako. Liinamishe jiwe kidogo tu kuelekea dirishani, litawaka ndani.

Nimerithi pesa ya shaba ya Zanzibar, ya Sultani Barghash. Maandishi hayasomeki pichani. Niisugue kwanza kwa ndimu na chumvi?

Usithubutu! Ndimu italamba utando uliojijenga kwa zaidi ya miaka mia, na wakusanyaji wa sarafu huikimbia iliyosuguliwa.

Sarafu hii inataka kinyume cha pete. Hapa mwanga usiwe mpana, uwe mwembamba na uje chini chini kutoka ubavuni, kama jua la kuchwa linavyoonyesha matuta ya shamba. Funga pazia ubakize mwanya wa kiganja, weka sarafu mezani usawa wa kizingiti cha dirisha. Simu ilaze juu ya vikombe viwili, lenzi itazame chini, na uweke kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kisha zungusha sarafu, si simu, kidogo kidogo, mpaka maandishi yajitokeze. Mwaka ukisomeka 1299, huo ni wa Hijria, sawa na 1882. Ukiigeuza upande wenye picha ya mizani, anza kuzungusha upya.