Je, Mbuyi wa kwenye orodha ndiye pacha wa babu yetu?

SWALI: Naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Babu yetu Kabanga alizaliwa Kasai pamoja na pacha wake, Mbuyi. Babu alikuja huku kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na Mbuyi akaandikwa askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji. Wazee walituambia kwamba alikufa katika vita vya Abisinia (Ethiopia ya leo) mwaka 1941, akiwa kijana ambaye hajaoa bado. Tumebaki na karatasi moja ya zamani yenye namba. Sasa kuna mtu wa mjini ametuonyesha orodha aliyoitoa kwenye intaneti, yenye jina la Mbuyi aliyekufa mwaka 1943, naye anadai dola 300 ili atuletee faili lake kutoka Brussels, tupate kuomba fidia. Kijana wangu anasema jina ni lilelile, tulipe. Je, tulipe?

JIBU: Mama, msilipe. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimefanya kazi na madaftari ya parokia na nyaraka za wakati wa ukoloni, na kila mwaka familia huniletea karatasi kama hiyo ya kwenu, na mara nyingi huja baada ya fedha kutoka.

Nianze na jambo ambalo kijana wako amelikosa, ingawa yumo ndani ya ukoo unaolifahamu. Kwa Waluba wa Kasai, Mbuyi si jina la ukoo. Ni jina la mtoto anayetangulia kutoka tumboni wanapozaliwa mapacha, na anayemfuata huitwa Kabanga. Kila nyumba iliyojaliwa mapacha ilikuwa na Mbuyi wake, awe wa kiume au wa kike, na hata baba yao aliacha kuitwa jina lake la zamani, watu wakamwita Shambuyi, yaani baba wa Mbuyi. Kwa hiyo, mtu akiwaonyesha orodha yenye “Mbuyi, mwana wa Shambuyi”, amewathibitishia jambo moja tu, kwamba mahali fulani walizaliwa mapacha.

Kosa hili la kudhani kwamba majina yetu yalifanya kazi kama ya Wabelgiji ndilo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu linawanasa hata watu waliosoma. Mbelgiji alirithi jina la baba yake na baba wa baba yake, kwa hiyo ukiufuata uzi wa jina utapita vizazi vitano bila kupotea. Babu zetu walipewa majina ya namna walivyozaliwa, ya marehemu waliorudishwa katika nyumba, au ya jambo lililotokea siku hizo, na watoto watano wa baba mmoja waliweza kubeba majina matano yasiyofanana. Zaidi ya hayo, karani wa jeshi aliandika alichokisikia, na kijana akiulizwa “baba yako ni nani?” aliweza kwa haki kabisa kumtaja baba mdogo aliyemlea, wala hakusema uongo, kwa kuwa kwetu huyo ni baba. Ongeza jina la ubatizo, ambalo wajukuu wengi hawalijui tena, kwa sababu mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo na familia zikaacha kuyatumia. Huenda mnayemtafuta kama Mbuyi aliandikwa Joseph au Pierre.

Tazameni pia tarehe. Huko Abisinia, Force Publique iliteka mji wa Asosa tarehe 11 Machi 1941 na Gambela tarehe 23 Machi, na tarehe 3 Julai mwaka huohuo Jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha huko Saio kwa Jenerali Gilliaert. (Barabara za Saio, Assossa na Gambela za Kinshasa zilipata majina yake hapo, na wanaozipita kila siku bila kulijua hilo ni wengi.) Katika vita hivyo magonjwa, hasa kuhara damu na beriberi, yaliua watu wengi kuliko risasi, wapagazi hasa, ambao kumbukumbu zao ni chache kuliko za askari. Mwaka 1942 kikosi kingine kilipelekwa Nigeria, kisha mwaka 1943 kikaenda Misri na Palestina. Basi aliyekufa mwaka 1943 hakufa katika vita vya Saio. Inawezekana wazee wenu walisema “Abisinia” wakimaanisha ng’ambo yoyote ya mbali, nimeshawahi kukutana na hilo, lakini hapo ni lazima kuwe na ushahidi mwingine, na mtu wenu wa mjini hana hata mmoja.

Kuhusu faili la Brussels: ni kweli kwamba nyaraka nyingi za koloni zilisafirishwa kwenda Ubelgiji karibu na uhuru wa mwaka 1960, na zikatunzwa kwa miaka mingi na wizara ya mambo ya nje ya huko. Hata hivyo, mafaili binafsi yaliyojaa na kukamilika ni hasa ya maofisa na watumishi wa Kizungu. Habari za askari mweusi hupatikana, zikipatikana, katika orodha za kikosi na madaftari ya uandikishaji, na humo mtu hutafutwa kwa namba yake ya matrikule (namba ya usajili), kikosi chake, na mahali alipoandikwa. Anayewaahidi faili kabla ya kuwauliza mambo hayo matatu hajui anachokitafuta, au anajua vizuri kwamba hatakitafuta. Na kuhusu fidia, katika miaka yote hiyo sijaona hata familia moja iliyolipwa kwa njia ya mtu wa katikati wa namna hiyo.

Ile karatasi yenu yenye namba isomeni upya. Familia nyingi za hapa hudhani ni ya jeshi, kumbe ni ya mgodi, kwa kuwa Union Minière nayo iliwapa wafanyakazi wake matrikule. Ikiwa ni ya mgodi, msihuzunike, kwa sababu huenda ina faida kubwa zaidi. Kadi ya kazi ya babu Kabanga, ambayo huenda bado imo katika nyaraka ambazo Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi ya Union Minière, ilizirithi, inaweza kuonyesha kijiji, chifu na teritwari (eneo la utawala) aliyotoka, na alikozaliwa Kabanga ndiko alikozaliwa Mbuyi. Angalieni tu kwamba machifu walidaiwa idadi ya vijana wa kupeleka jeshini, hivyo Mbuyi aliweza kuandikwa chini ya kijiji cha chifu badala ya kijiji chake mwenyewe. Angalieni pia majina ya miji, maana katika karatasi za wakati ule Kananga ni Luluabourg, na Lubumbashi ni Elisabethville.

Mkishajua kijiji, nendeni kwenye daftari la ubatizo la misheni iliyokuwa karibu nacho. Huko Kasai, mapadre wa Scheut, wamisionari Wakatoliki kutoka Ubelgiji, walikuwa Mikalayi tangu mwaka 1891, na Wapresbiteri walianza Luebo mwaka huohuo. Hapo ndipo mna bahati ambayo familia nyingi hazina. Mapacha waliobatizwa siku moja huandikwa mistari miwili inayofuatana, baba mmoja, mama mmoja, na hakuna orodha ya intaneti inayoweza kuwapa uthibitisho wa namna hiyo.

Nasema kwa ukali kwa sababu nimeona madhara yake. Familia moja iliyonijia hapa ililipia jina lisilo lake, ikafanya matanga, ikamwita mtoto mchanga kwa jina la marehemu huyo, na miaka michache baadaye wajukuu wakaanza kusimulia kifo chake kana kwamba walirithi habari hiyo kwa wazee. Nilipowaonyesha kwamba askari yule alikuwa wa kabila jingine na jimbo jingine, bibi wa nyumba alilia, kisha akaniomba nisiwaambie watoto. Kijana wao wa kweli hakuna aliyemtafuta tena. Wanaouza karatasi hizi, pamoja na wale wanaochora miti ya ukoo kwa siku mbili, hawachukui dola tu. Wanaziba nafasi ya mtu aliyekufa akiwa na miaka ishirini, ambaye hakuacha mtoto wa kumkumbuka, na jina lililokwisha kuingia katika maombi ya familia ni vigumu mno kulitoa.

Kabla ya yote, mama, nendeni kwa mzee aliyebaki ambaye alimsikia Kabanga mwenyewe akizungumza juu ya pacha wake. Msimuulize “je, alikufa Saio?”, maana atakubali ili awapendeze. Mwacheni aseme anavyokumbuka, kwa Tshiluba ikiwa ndiyo lugha yake, na mwandike maneno yake kama yalivyo, hata yale yanayopingana. Kisha mniletee nakala ya ile karatasi, pande zote mbili, kwa kuwa jina la chifu mara nyingi limeandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi.