Mota ya Vibresheni Mezani Inanguruma, Mkononi Kimya: Na Mimi Yalinikuta

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "kaka, mota yangu mezani inanguruma fresh, nikiivaa mkononi kimyaaa, nimeuziwa feki?" Nikacheka peke yangu ndani ya daladala, maana swali hilo hilo liliwahi kunitoa jasho mbele za watu.

Nilikuwa natengeneza bangili ya wasioona, kitu kikikaribia inatikisa mkono. Mota ni zile LRA, yaani mota za kutikisa za kwenye simu, kidude kama kifungo cha koti, ndani sumaku imekaa kwenye springi na koili, yaani waya uliozungushwa, inaivuta inaisukuma. Karatasi ya kiwanda inasema mdundo wake ni hertz 175, yaani mitikisiko 175 kwa sekunde, mi nikaibana kwenye jiliwa nikailisha 175, ikapiga mpaka meza ikalia. Nikajiona injinia. Siku ya maonyesho jaji kavaa bangili, kimya. "Umeiwasha?" Nimeiwasha mzee. Watu wakaangua kicheko, na jamaa yangu aliyekuwa ananisumbua niongeze sensa ya mtikisiko ndo alicheka kuliko wote. Sijasahau.

Kumbe ukiifunga kwenye chuma kizito inapenda mdundo wa kiwandani, ukiiweka kwenye bangili nyepesi mdundo unapanda, yangu ilihamia 181, na hizi mota zina ubishi, ukikosea hertz 5 au 6 tu nguvu inaanguka vibaya. Ni kama bembea, ukisukuma wakati mtoto bado anarudi unamzuia mwenyewe.

Na sensa sikuongeza ng'o. Koili yenyewe ndo sensa jamani! Sumaku ikitembea inazalisha kavolti kanakofuata spidi yake, kwa hiyo kila nusu mzunguko, ambayo haifiki hata milisekunde 3, naziachia waya zote mbili zielee, yaani siziendeshi kabisa, nasubiri kidogo umeme wangu uishe kwenye koili, naangalia kale kavolti kamevuka sifuri saa ngapi, msukumo unaofuata unaanzia hapo. Mota inajichagulia mdundo yenyewe. Hapo kwenye "nasubiri kidogo" niliteseka wiki mbili nzima, nasoma mapema, napata uchafu wa koili nadhani ni sumaku.

Sasa nyie wenzangu mnaotengeneza vitu, msiamini karatasi. Pima mota ikiwa imeshafungwa inapokaa. Hata ukitumia chipu ya kuendesha mota kama DRV2605 inayofuata mdundo yenyewe, kalibresheni, yaani kuifundisha mota yako, ifanyie ndani ya bangili, sio mezani. Kuisimamisha mota, geuza msukumo uwe kinyume, kilele cha kavolti kikikaribia sifuri acha, la sivyo unaitikisa upya. Tunakimbilia kununua moduli mpya kila siku wakati jibu liko kwenye waya mbili ulizozishika! Narudia, karatasi msiiamini.

Mdogo wangu, mota si feki, usiirudishe Kariakoo watakuona kituko. Ivae ndo uipime, ukikwama nitumie picha ya wimbi kwenye oskiloskopu, kile kifaa cha kuchora volti, sio picha ya mota.