Mguu ni wake lakini nyumba nzima inachechemea

"Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu sote ni wanamichezo, twaishi hapa hapa Malindi. Mimi nacheza voliboli, yeye ni mkimbiaji wa nusu marathoni, karibu mwaka mzima alikuwa kambini Iten, anakuja nyumbani siku chache halafu anarudi. Sasa kaumia mshipa wa kisigino, huu mwezi wa tano yuko nyumbani na hasemi kitu. Nikimuuliza daktari kasemaje anajibu 'poa'. Nikizidi kuuliza anavaa kofia anatoka, mpaka usiku. Mimi nikikasirika nasema mengi, mwezi uliopita nilimwambia afadhali ulipokuwa Iten. Timu yetu imeshinda mechi tatu mfululizo, hata hongera hajanipa. Hanipigi, wala sijasikia habari ya mwanamke mwengine. Mama mkwe asema dawa ni mimi niache michezo. Rafiki yangu wa Mombasa kaniambia kuna tiba ya wanandoa inayoshughulika na hisia. Je itatufaa sisi ama ni mambo ya wazungu tu? Mke wa Mkimbiaji, Malindi."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekwama pale kwa "afadhali ulipokuwa Iten", manake najua hukumaanisha hivyo, na najua yeye kasikia ulichosema sio ulichomaanisha. Nitarudi hapo.

Kwanza nikwambie ninavyoona mimi. Mkimbiaji anafunzwa kuficha maumivu, hiyo ni sehemu ya kazi yake, kilomita ya 18 miguu inawaka moto na wenzake wako ubavuni wanamchungulia usoni, akionyesha kidogo tu kwamba kachoka wanaongeza mwendo wanamuacha hapo. Kwa hivyo anabeba uso wa jiwe, na kwa huo uso kashinda pesa, kalisha nyumba. Sasa mtu kama huyo umuulize mguu vipi, si atasema poa? Atasema nini kingine? Na wewe mchezo wako ni kinyume kabisa. Kwenye voliboli asiyepiga kelele ndio anayeponza timu, mpira unashuka katikati ya watu wawili kila mmoja anadhani ni wa mwenzake mpaka unagonga chini. Ndio maana mnaitana, wangu! wangu! Yaani wewe ukiona kitu kinaanguka unapaza sauti, yeye akiona kitu kinaanguka anafunga uso, na nyumbani sasa hivi kuna kitu kinaanguka na kila mmoja anafanya kile anachokijua vizuri zaidi.

Wewe unapaza sauti, yeye anaingia ndani ya ganda lake, akiingia wewe unaona umeachwa unazidi kupaza, akisikia hivyo anaona hafai kitu anazidi kujificha, mnazunguka hapo hapo miezi mitano. Huo mzunguko ndio tiba uliyoambiwa inaoushughulikia. Haitafuti nani mkosa. Mshauri anawakalisha nyote wawili anawaonyesha huo mzunguko kama mpinzani aliye upande wa pili wa neti na nyinyi wawili mko upande mmoja, na kwa watu wa michezo hilo nafikiri mtalielewa haraka kuliko wengine.

Ati ni mambo ya wazungu. Ndio, walioitengeneza ni Sue Johnson na Leslie Greenberg kule Kanada miaka ya 1980, lakini hebu fuata mzizi wake uone unafika wapi. Msingi wake ni maneno ya daktari wa Uingereza, John Bowlby, kwamba mtoto anahitaji mtu wa kumshikilia kama anavyohitaji chakula, na mmoja wa waliokwenda kuliangalia hilo kwa macho alikuwa Mary Ainsworth, akakaa Uganda kuanzia 1954, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, anatazama mtoto afanya nini mama akiondoka na afanya nini mama akirudi. Mama wa Kiganda na watoto wao, majirani zetu hawa! Kuna mtoto analia mama akitoka lakini akirudi anamkimbilia anatulia, kuna mwengine analia hata akiwa mapajani. Alichofanya Johnson ni kusema mke na mume nao wako hivyo hivyo, mtu mzima akiogopa kwamba anayemtegemea hayupo naye analia, ila kilio chake kinatoka kwa sura ya matusi ama kwa sura ya kunyamaza.

Ndio nikakwambia nitarudi kwa yale maneno ya Iten. Wewe mwanangu mwaka mzima umelala peke yako ukijipa moyo kwamba akirudi tutakuwa pamoja, karudi, na upweke ni ule ule, tena mbaya zaidi kwa sababu yupo hapo kitandani. Hilo ndilo ulilotaka kusema. Lakini lilitoka kama hasira, naye akasikia "huna faida hapa". Na mwanamume ambaye kisigino kimemnyang'anya kazi, mbio zenyewe hazipo, marafiki wa kambini hawapigi simu tena, halafu mkewe arudi na ushindi wa tatu, huyo hana wivu kama unavyoweza kudhani, huyo anaona aibu. Hongera imemkwama kooni. Bahari yetu hapa Malindi msimu wa mvua inageuka rangi ya udongo, na mgeni akisimama ufuoni ataidharau bahari, kumbe ule udongo umetoka mbali huko bara umeletwa na mto Sabaki. Tiba hii inapanda mto mpaka ujue umetoka wapi.

Inavyokwenda ni hivi. Mnaonana na mshauri mara moja kwa wiki hivi, kwa kawaida vikao 8 mpaka 20. Mwanzo kazi ni kupoza, msigombane mpaka msisikilizane, na kuuona mzunguko wenyewe ukianza. Halafu inakuja sehemu ngumu na ndiyo yenye faida, mshauri anamsimamisha mtu katikati ya maneno, taratibu, anamuuliza mkeo alipofunga mlango kwa nguvu mwili wako ulihisi nini, kifua, tumbo, wapi? Hapa mumeo atakushangaza. Wakimbiaji wanaujua mwili wao mpaka mshipa mdogo, wanajua maumivu ya kupita na maumivu ya hatari, hawajawahi tu kuulizwa kifua kinabana kwa sababu gani. Akishalipata neno, tuseme naogopa sitakimbia tena na wewe utanichoka, mshauri hatapokea yeye. Atamwambia mgeukie mkeo umwambie yeye. Na wewe kazi yako siku hiyo ni kulipokea, usilijibu, usimpangie daktari, ulipokee tu kama unavyopokea mpira mzito, kwa kulainisha mikono. Kisha zamu yako nawe, umwambie yale ya kulala peke yako bila kumlaumu. Vikao vya mwisho ni kuyazoea hayo mpaka muweze wenyewe bila mtu wa tatu, na kupanga upya mambo kama kambi: akirudi Iten mtaongea lini, na mtaongea nini zaidi ya ada ya shule na kodi ya nyumba.

Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Siku chombo kikirudi kitupu alikuwa anapita mlangoni bila salamu, mimi nikawa namfuata na maneno mpaka uani. Miaka mingi hivyo. Nilikuja kujua baadaye sana, alipokuwa mgonjwa, kwamba alikuwa anaona haya kunitazama usoni bila kitoweo mkononi. Laiti ningeketi naye kimya wakati ule. Kwa hivyo ninapokusisitiza usichelewe nakusisitiza kwa uchungu wangu mwenyewe.

Umeandika hanipigi, na nimeshukuru umelisema, kwa sababu tiba hii haifai nyumba yenye kipigo wala yenye hofu ya kipigo, hapo kumwambia mtu afungue moyo ni kumhatarisha. Hatujawasahau Agnes Tirop, aliyeuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake peke yao, wala Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyefariki Eldoret Septemba 2024 kwa kuchomwa moto, na Agosti alikuwa amekimbia Olimpiki Paris. Msomaji mwengine anayesoma hapa na kwake kuna mkono unaoinuliwa, kwako wewe sio kikao cha wawili, piga 1195, simu ya Kenya ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure, anza na usalama wako.

Mama mkwe mheshimu, msikilize, lakini usiache voliboli. Ukiacha, nyumba itakuwa na wawili waliopoteza mchezo badala ya mmoja, na yeye atabeba na hatia juu ya aibu. Wazee wana nafasi yao, suluhu yao inafaa pakiwa na kosa la kuamuliwa, hapa kwenu sioni kosa la kuamua.

Mshauri mtafute mwenye usajili, sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia Kenya iko tangu 2014, na muulize bila haya kama kafunzwa hii tiba ya hisia kwa wanandoa, sio kila mshauri anaijua. Usipompata Malindi kuna wa Mombasa na Nairobi wanaofanya kwa vidio kwenye simu, mradi muwe chumba kimoja na mlango umefungwa. Siri zenu hazitoki hapo, mwambie hilo mapema, wanaume wetu wengi wanachoogopa ni kusikia habari zao barazani.

Na usimwambie usiku mkiwa mmeshagombana. Ngoja jua literemke mtembee ufuoni taratibu kadiri kisigino kinavyoruhusu, mtu wa uso wa jiwe anaongea vizuri zaidi akiwa ubavuni kuliko akiwa anatazamwa. Mwambie, yale niliyosema ya Iten nimekosea, nilitaka kusema nimekukosa na bado nakukosa ingawa uko hapa. Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu kikuumize usikijaze. Habari ya mshauri iache mpaka siku ya pili. Na mechi yenu ijayo mwambie unataka kumuona pale kando ya uwanja, aje akichechemea hivyo hivyo.