Mtoto akiuliza kwa nini ana baba wawili

Ndugu, umeuliza mmwambie nini kijana wenu wa miaka minne anapotaka kujua kwa nini ana baba wawili na mama hayupo. Mwambieni ukweli, kwa maneno machache. Umri huo hautaki hotuba. Wetu aliuliza tukimwogesha, povu limemjaa kichwani, mwenzangu akamjibu, "Kuna mama aliyekuzaa, na sisi ndio tunaokulea." Akasema "aha," kisha akadai bata wake wa plastiki. Ila jiandaeni, swali litarudi, na kila akikua atataka zaidi. Kama mmemuasili, tunzeni picha na habari zozote za alikotoka. Hizo ni zake.

Nani "awe mama" nyumbani? Hilo ni la walimwengu, waachieni wenyewe. Kwetu anayewahi kuamka ndiye anayemvalisha, na mwenye subira (si mimi) ndiye anayemkata kucha. Profesa Susan Golombok, mtafiti wa familia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, amechunguza familia za wazazi wa jinsia moja tangu miaka ya 1970, na anachosisitiza ni ubora wa malezi, si umbo la familia.

Shuleni, zungumzeni na mwalimu kabla ya siku ya kutengeneza kadi za mama. Wetu alimtengenezea shangazi yake, gundi hadi kwenye nyusi.

Mnachopaswa kuharakisha ni karatasi. Nchi nyingi humtambua mmoja wenu tu kuwa mzazi, kwa hiyo muulizeni mwanasheria ni idhini gani ya maandishi anayohitaji yule asiyetambuliwa ili aweze kumchukua mtoto shuleni na kumpeleka kutibiwa.