Kaa na kisima kimoja kabla ya kuchora ramani

Kila inapotajwa gesi hapa kwetu Zanzibar, vijana waliomaliza chuo huniuliza suali lilelile: "Kaka, nijifunze programu gani ya kuchambua takwimu za visima?" Hamu hii imekuwepo tangu ilipopita Sheria ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2016, na imezidi tangu mwaka 2024 Serikali ilipofungua duru ya kwanza ya zabuni za vitalu vya baharini. Ni hamu nzuri na inanifurahisha. Jawabu langu ni hili: QGIS, programu ya kuchora ramani, na Python, lugha ya kuandikia programu, ni bure, na zote mbili zinajifunzika ukiwa nyumbani kwenu Wete. Kinachokosekana ni mazoea ya kukaa na takwimu za kisima kimoja mpaka ukakijua, ndipo ufikirie ramani.

Zanzibar bado haina kisima kinachotoa gesi. BP na Shell walichimba Unguja na Pemba miaka ya 1950 na 1960, wakaondoka bila ya kupata cha kuuza, ingawa mafuta yanachuruzika yenyewe pale Tundauwa, Pemba, na wazee wa huko wanayajua tangu zamani. Upande wa Bara, Songo Songo inatoa gesi tangu 2004 na Mnazi Bay tangu 2006, lakini visima vyake ni vichache. Anayetaka maelfu ya visima vya kufanyia mazoezi, mimi humuelekeza Pennsylvania, Marekani. Idara ya mazingira ya jimbo lile huweka hadharani uzalishaji wa kila kisima kinachotoa gesi kwenye mwamba wa Marcellus, mwezi kwa mwezi, pamoja na idadi ya siku kilizofanya kazi na latitudo na longitudo yake. Huombi ruhusa wala hulipi.

Pakua mwezi mmoja kwanza, kisha mwaka. Ukivuta miaka yote kwa pamoja na kuifungua kwa Excel, kumbuka mwisho wa Excel ni mistari 1,048,576. Visima vya aina hii jimboni mule vimepita 10,000, na kila kimoja kina mstari wake kila mwezi. Muongo mmoja unatosha kulijaza jedwali, na kinachozidi hutakiona. Python haina kikomo hicho. Jengine: namba ya utambulisho ya kisima isome kama maandishi. Namba za Pennsylvania huanza na 37, kwa hiyo hutaona tabu, lakini ukihamia Colorado zinaanza na 05, na sifuri ya mbele ikidondoka basi jedwali la uzalishaji halitaungana tena na jedwali la mahali visima vilipo.

Kisha vipimo. Wamarekani wa sekta hii huandika M kwa maana ya elfu na MM kwa maana ya milioni, kwa hiyo Mcf ni futi za ujazo elfu moja. Mita moja ya ujazo ni kama futi 35.3. Andika kipimo kwenye kichwa cha kila safu, kila mara, hata kama unajifanyia mwenyewe.

Sasa njoo kwenye siku, na hapa ningependa utulie, kwa sababu kazi nyingi ninazoletewa huanguka hapa. Chukua kisima kilichotoa futi milioni 90 kwa mwezi na chengine kilichotoa milioni 60. Ukipaka rangi kwa jumla ya mwezi, cha kwanza kitang'aa. Tazama safu ya siku: cha kwanza kilifanya kazi siku 30, cha pili siku 10. Cha pili kinatoa milioni 6 kwa siku, mara mbili ya mwenzake. Ni kama kulinganisha mashamba mawili ya karafuu kwa magunia bila ya kuuliza lipi limechumwa siku ngapi. Mpemba yeyote angeuliza.

Lakini kugawa kwa siku nako kuna mtego wake. Kisima hufungwa kwa sababu nyingi: matengenezo, bomba limejaa, jirani yake anapasuliwa mwamba kwa maji, au bei imeanguka na mwenyewe anangojea. Kinapokuwa kimefungwa, mgandamizo karibu na kisima hupanda tena, na siku za mwanzo baada ya kufunguliwa gesi hutoka kwa nguvu kuliko kawaida yake. Kwa hiyo ule mwezi wa siku 10 unaweza kukionesha kisima kuwa bora kuliko kilivyo. Ndiyo maana nasema kaa nacho. Chora grafu yake tangu mwezi wa kwanza, na kando ya kila mwezi wenye siku pungufu weka alama.

Grafu hiyo ichore kwa mhimili wa logi, yaani ule ambao kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Visima vya Marcellus huanguka haraka, mara nyingi zaidi ya nusu katika mwaka wa kwanza, kisha mteremko unakuwa wa polepole. Milinganyo tunayotumia kuufuata mteremko huo aliiandika J. J. Arps mwaka 1945, na bado inafanya kazi. Ina namba moja, b, inayoamua mteremko unapoa kwa kasi gani. Kwenye visima hivi programu mara nyingi itakupa b iliyozidi 1, na ukiirefusha mbele bila ya kikomo, hesabu inasema kisima kitatoa gesi isiyo na mwisho. Hakuna kisima cha namna hiyo. Weka kikomo, na ueleze kwa nini umekiweka hapo.

Ukifika kwenye ramani, linganisha visima kwa umri ulio sawa, kwa mfano jumla ya miezi 12 ya mwanzo ya kila kimoja. Ukilinganisha kwa tarehe moja ya kalenda, visima vipya vitashinda daima kwa upya wao tu.

Nukta kwenye ramani ni mdomo wa kisima. Visima hivi huteremka, kisha hulala na kwenda mlalo hata zaidi ya kilomita moja, na kiwanja kimoja huwa na visima kadhaa vilivyopandana kama nukta moja. Gesi inatoka kwengine kabisa. Ndiyo maana siipendi ramani iliyopakwa rangi kutoka kona hadi kona. Programu itakisia thamani kati ya kisima na kisima hata pale pasipochimbwa kitu, na mwenye kuamua hatajua wapi pamepimwa na wapi pamekisiwa. Nionesheni nukta zenyewe, na pasipo na kisima paacheni peupe.

La mwisho linatuhusu hapa nyumbani. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia mfumo mwengine, WGS 84. Tofauti yake kwetu ni kama mita 300, na kwenye pwani ya Pemba mita 300 zinakitoa kisima cha zamani nchi kavu na kukitia mikokoni. QGIS inabadilisha vizuri ukiiambia ukweli: kanda yetu ya ramani ni 37 Kusini, na kwenye orodha yake ya mifumo, wa zamani ni namba 21037, mpya ni 32737. Chini yake weka picha za droni zilizopigwa visiwani kuanzia 2016, kazi ambayo SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Kamisheni ya Ardhi walishiriki.

Anayetaka kuanza leo, achukue kaunti ya Susquehanna, achague kisima kimoja chenye miaka mitano au zaidi, na kila mwezi ulioanguka ghafla autafutie sababu. Akimaliza na aniletee grafu hiyo, tuisome pamoja.