Simu nyembamba hupoteza betri tu?
Hapana, betri ni mwanzo tu. iPhone Air ina unene wa milimita 5.6, lakini nyuma imebaki na kamera moja, spika ni moja pale juu unapoweka sikio, na haina kitundu cha laini ya kawaida, ni eSIM tu (laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu yenyewe). Ukipenda kutazama video bila earphone, hiyo spika utaisikia upungufu wake mapema. Hiyo 5.6 yenyewe haihesabu uvimbe wa kamera, ambamo wamebana sehemu kubwa ya vifaa vya ndani. Kwa upande wa betri, linganisha Samsung mbili zenye skrini ya inchi 6.7: S25 Edge, ile nyembamba, ina mAh 3,900 (kipimo cha uwezo wa betri), S25+ ya unene wa kawaida ina 4,900.